Anza na ukingo wa nishani, si sura yake

Wakitaka kujua kama nishani ya vita ni halisi, wengi hutazama picha ya mfalme na rangi za utepe. Mimi nasema geuza nishani uusome ukingo kwanza. British War Medal ya 1914–1918, nishani ya fedha ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, ina kipenyo cha milimita 36, na pembeni imepigwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Ipime kipenyo kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, sehemu tatu. Ikipungua upande mmoja, huenda jina la awali limekwanguliwa kwa tupa na kupigwa jingine. Huo ni msiba, kwa sababu kumbukumbu ya mtu imefutwa.

Msalaba wa Chuma wa Ujerumani wa 1914 una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi na fremu mbili zilizolehemiwa kukizunguka. Tazama kwa lenzi mahali fremu zinapokutana. Usipoona mshono wowote, na juu kuna vitundu vidogo kama vya uji uliochemka, umeshika kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, yaani bandia. Sumaku husaidia kujua kama kiini ni chuma, lakini isihukumu peke yake.

Croix de guerre (Msalaba wa Vita) ya Ufaransa ni rahisi zaidi: mwaka uko nyuma, kuanzia 1914–1915 hadi 1914–1918.

Utepe uumulike kwa taa ya urujuanimno (UV). Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa; ila pamba kuukuu iliyofuliwa kwa sabuni ya leo nayo hung'aa.

Na tafadhali, usiing'arishe. Weusi ule wa uzee juu ya fedha ni ushahidi.