Usiku wa Kinyesi cha Kifaranga

Ilikuwa masika ya 2019, Morogoro. Ukurasa wetu wa Facebook wa ufugaji wa kuku ulikuwa na wafuasi wa kutosha ila wasemaji wachache. Ukiweka picha ya jogoo mnono, vidole gumba vinamiminika, lakini hakuna anayeuliza kitu. Kurasa nyingine za kuku wakati ule zilikuwa zinahangaika na mashindano ya "mtaje rafiki yako ushinde vifaranga". Shindano la namna hiyo huvuta wapenda zawadi. Mshindi akishatangazwa, wanabaki kwenye hesabu ya wafuasi na hawafungui tena chochote, na chapisho ambalo wafuasi wanalipita bila kugusa huishia kuonyeshwa kwa wachache. Facebook wenyewe walikuwa wametangaza Desemba 2017 kwamba wanayashusha machapisho ya kuomba vidole gumba na kutaja marafiki, na Januari 2018 wakasema mazungumzo kati ya watu ndiyo yatakayopewa uzito.

Jioni hiyo bwana mifugo tuliyefanya naye kazi alirudi kutoka banda moja Kihonda na picha kwenye simu. Maranda yameloa hadi yamekuwa meusi, juu yake kinyesi cha hudhurungi chenye damu mbichi, na kando njiti ya kiberiti ili mtu aone ukubwa. Si picha ya kutazama wakati wa kula. Tukaipandisha saa 2 usiku, kwa sababu muda huo mfugaji ameshafunga banda na simu iko mkononi. Asubuhi ni ya kufagia na kubadili maji, hana nafasi na wewe.

Maneno yalikuwa machache: "Vifaranga wa wiki 4. Wamejikunyata, mabawa yamelegea. Mvua haijakatika. Wewe ungefanya nini kwanza, usiku huu?" Jina la ugonjwa hatukuliandika, maana ukishalitaja watu wanakujibu "asante kwa elimu" na kupita. Ukiuliza "mna maoni gani?" pia hupati kitu. "Kwanza" na "usiku huu" vinamlazimisha mtu achague jambo moja, na mtu akishachagua yuko tayari kulitetea.

Jibu la kwanza: "Hiyo koksi, hamna kingine," yaani ugonjwa wa kuhara damu. La pili: "Kideri hicho, chinja wote." La tatu: "Wape maji ya mshubiri." Hapo kazi ndipo ilipoanza. Saa ya kwanza mmoja wetu hakufanya kingine chochote ila kujibu, na kila jibu likaishia na swali ambalo muulizwaji peke yake ndiye anaweza kulijibu. Wa kideri aliulizwa: kwako shingo zilipinda? Kinyesi kilikuwa cha kijani? Akarudi kueleza, na katika kueleza akaona mwenyewe kuwa ugonjwa aliokutana nao ni mwingine. Wa mshubiri aliulizwa aliweka kiasi gani kwa lita moja. Kidole gumba chini ya maoni ya mtu hakimrudishi, swali linamrudisha.

Kisha mama mmoja wa Ifakara akamjibu kijana wa Mvomero kabla yetu: "Mwanangu, kabla ya dawa toa hayo maranda." Tukanyamaza kwa makusudi. Wafuasi wakianza kujibizana wenyewe, mwenye ukurasa akae pembeni, hata kama jibu analo. Na mama alikuwa sahihi: vimelea vya koksi hutoka na kinyesi, na kwenye maranda yenye unyevu na joto hukomaa ndani ya siku moja au mbili. Ukiweka dawa kwenye maji huku wanadonoa maranda yaleyale, unatibu na kuambukiza kwa pamoja.

Ugomvi ulizuka kwenye kipimo. Mtu aliandika dawa kwa vijiko. Hatukufuta, tulijibu palepale chini yake kwamba nguvu ya unga hutofautiana kati ya kopo na kopo, kwa hiyo kipimo ni kile cha kwenye kibandiko. Ukifuta maoni yenye kosa, mwenyewe anaona aibu na wengine wanajifunza kukaa kimya. Tulichoficha mara moja ni namba za simu za wauza dawa. Ukimwachia mmoja, hutamaliza dakika kumi hawajafika wenzake.

Kesho yake, saa ileile, tukaweka jibu kamili tukiwataja waliopatia: toa maranda, kausha sakafu, amproliumu, dawa ya koksi, kwenye maji kwa siku 3 hadi 5, inua vyombo vya maji visimwagike. Kwa aliyeshikilia kuwa ni kideri: hicho ni kirusi, hakina tiba, kinga yake ni chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kurudiwa kila miezi 3.

Baada ya hapo tuliwaalika WhatsApp wale tu waliokuwa wameeleza habari za kuku wao. Kundi tulilikataa, kwani halichelewi kujaa salamu za asubuhi na siasa. Tulitumia orodha ya matangazo (broadcast list), iliyobeba watu 256, na ujumbe wake humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo agizo lilikuwa hivi: "Hifadhi namba hii, kisha tuma neno BANDA, mahali ulipo, aina ya kuku na umri wao." Kila aliyetuma tulimhifadhi kwa majibu yake, mfano "Ifakara kuroila wiki 6", na orodha tukazigawa kwa umri wa kuku ili ujumbe wa chanjo za vifaranga usimfikie mwenye matetea yanayotaga. Aliyetuma BANDA bila kutaja umri aliulizwa tena mara moja. Asipojibu, hatukumwingiza.