Nilivyopata wahandisi wa programu hapahapa Mbeya

Kila niliyemwomba ushauri alinipa jibu lilelile: nenda Dar. "Dada, Mbeya utapata mchele wa Kyela na parachichi. Mtu wa kukuandikia programu humpati," aliniambia mmoja ambaye namheshimu hadi leo, ingawa kwa hili alinipotosha na hela zikaenda. Naandika kwa sababu ushauri huo bado unazunguka, na nimewaona wenye kampuni changa za Iringa na Njombe wakiufuata. Wahandisi wapo huku, na wanaofanya kazi kwangu ni ushahidi wangu.

Ofisi yetu iko mtaa wa Soweto hapa Mbeya, juu ya duka la pembejeo. Tunatengeneza mfumo wa kompyuta unaotunza hesabu za SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima: wakulima wa kahawa wa Mbozi, wa chai wa Rungwe, wa viazi wa Njombe, na vyama vya walimu. Mwanachama anaweka akiba kwa simu, mfumo unapokea taarifa, salio lake linapanda, katibu anaona. Vyama vilipoongezeka, vijana niliokuwa nao wakawa wanalala ofisini, na mimi nikaanza kuogopa kupokea mteja mpya.

Basi tukafuata ushauri. Wakala wa ajira kutoka Dar akatuandalia tangazo: shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka mitano, Kiingereza fasaha, orodha ya teknolojia ndefu kama bomba la mafuta la TAZAMA linalotoka Dar hadi Zambia. Barua zikamiminika. Akatushauri tuwachuje kwa mafumbo ya mtandaoni, yale ya kupanga namba na kugeuza miti ya data, mtu anajibu akiwa kwake huku saa inahesabu. Majibu yaliporudi nikakaa na msaidizi wangu tukayasoma. Mengi yalikuwa sahihi, na yalifanana hadi majina na maelezo ya pembeni ambayo mwandishi wa programu hujitungia mwenyewe, yaani yametoka ChatGPT, ile akili bandia, moja kwa moja. Sikuwalaumu waliotuma. Ukimuuliza mtu kitu ambacho mashine inakijibu kwa sekunde mbili, atakuletea jibu la mashine. Nililaumu mtihani.

Aliyeshinda alikuwa fundi kweli, na hilo sitamnyima. Tulimlipa vizuri kuliko mtu yeyote ofisini, tukamhamisha, tukamtafutia nyumba mtaa wa Forest. Ukijumlisha na ada ya wakala, ni kama milioni sita au saba hivi kabla hajaandika mstari. Julai ikamkuta, na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua. Mkewe alikuwa Dar, watoto Dar, na kampuni ya nje ikamwita afanye kazi akiwa nyumbani kwake kwa dola. Aliondoka katikati ya msimu wa kahawa, vyama vya Mbozi vikiwa vinapokea malipo ya wakulima. Kijana hakufanya kosa lolote. Kosa ni la anayekuambia kwamba mtu asiye na sababu ya kuishi Mbeya atakaa Mbeya kwa ajili ya mshahara peke yake, wakati mwenye mshahara mkubwa zaidi anampata kwa intaneti.

Hapo nikaacha mafumbo na nikaacha wakala. Nilichofanya baadaye ndicho ninachojivunia, na nitakieleza kwa kirefu.

Tulikuwa na hitilafu iliyowahi kututesa, tukaitibu. Mwanachama anaweka shilingi 20,000 kwa simu. Kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye seva yetu, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, na kusubiri ijibu kwamba imepokea. Seva ikichelewa kujibu, taarifa inatumwa tena. Mfumo wetu wa zamani uliandika kila taarifa iliyofika, kwa hiyo mama aliyeweka 20,000 alionekana ameweka 40,000. Nikaichukua nakala ya programu ya wakati ule, nikaiweka kwenye kompyuta moja pembeni. Majina na namba za simu za wanachama nikazibadilisha zote, maana taarifa za watu si za kuchezea na tangu 2022 kuna sheria kabisa ya kulinda taarifa binafsi. Kisha nikamwomba mhasibu wetu, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mweka hazina wa SACCOS, awe ndiye mteja mwenye malalamiko.

Msailiwa anakuja asubuhi. Tunampa chai, tunampa hiyo kompyuta, na tunamwambia: mama huyu ana shida, msaidie. Intaneti tumia, ChatGPT tumia, uliza chochote. Mchana tunakula pamoja, na jioni anaondoka na posho ya siku hiyo, apate kazi asipate. Posho hiyo msiione hasara. Ni ndogo mno ukilinganisha na kumwajiri mtu usiyemjua, na kijana aliyekopa nauli kutoka Tukuyu hastahili kurudi mikono mitupu.

Wengi, wakiwemo wenye vyeti vizuri sana, walifungua programu papo hapo na kuanza kuandika. Dawa yao ilikuwa ileile: kiasi kikifanana na muda ukikaribiana, taarifa ya pili ikataliwe. Mhasibu wetu anawaacha wamalize, kisha anauliza taratibu, "Mwanangu, mimi naweka 20,000 yangu na 20,000 ya binti yangu kwa simu hiihii, dakika hiihii. Ya binti yangu imekwenda wapi?" Hapo unamwona mtu alivyo. Wapo waliobishana naye. Wapo waliosema mteja aelekezwe asubiri dakika kumi. Wapo waliofuta walichoandika na kuanza upya kwa utulivu, nao tuliwaandika pembeni.

Halafu akaja binti mmoja wa Ileje. Diploma, kompyuta yake mwenyewe hana, alikuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo na nikamwambia naye ajaribu. Alikaa muda mrefu bila kugusa kitufe, hadi msaidizi wangu akanitazama. Kisha akamgeukia mhasibu. "Shikamoo mama. Naomba nione ujumbe uliokuja kwenye simu yako." Mama akampa simu tuliyoiandaa. Binti akasoma, akafungua jedwali la miamala, akaweka kidole kwenye skrini, safu ya kwanza, safu ya pili. "Namba ya muamala ni moja. Hela imeingia mara moja, taarifa imekuja mara mbili."

Kama angeishia hapo ningemwajiri. Lakini aliendelea. Alisema kukagua ndani ya programu kama namba hiyo ipo tayari hakutoshi, kwa sababu taarifa mbili zikifika kwa wakati mmoja, zote zitakagua, zote zitakuta haipo, na zote zitaandika. Akaweka katazo kwenye hifadhidata yenyewe, pale kumbukumbu zote zinapotunzwa, kwamba namba ya muamala ya mtandao huo isijirudie, na taarifa ikija mara ya pili seva ijibu "nimepokea" bila kuongeza salio, ili kampuni ya simu iache kutuma. Nikamuuliza kwa nini asifute tu zile safu za ziada. Akasema mkaguzi wa chama atauliza hela ilikwenda wapi, afadhali kuandika ingizo la kurekebisha linaloonekana. Halafu akauliza swali ambalo hatukuwa tumeliandika popote: "Hawa waliozidishiwa akiba, kuna aliyekwishakopa?" Kwenye vyama vingi mkopo unapimwa kwa akiba, mara mbili au mara tatu yake. Akiba hewa inazaa mkopo wa kweli. Mhasibu wetu alivua miwani. "Ndaga, mwanangu," akamshukuru kwa Kinyakyusa. Leo binti huyo ndiye anayesimamia sehemu yote ya malipo, na wahitimu wa vyuo vikubwa wanampelekea kazi zao azikague.

Mtauliza niliwatoa wapi wasailiwa. Tangazo tulibandika, lakini waliofaa hawakutoka huko. Nilikwenda MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, na huko Iringa nikazungumza na wahadhiri wa vyuo viwili. Usiulize nani ana GPA kubwa, utapewa orodha utakayoijutia. Mimi niliuliza hivi: usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha projekti, darasa zima linakimbilia chumba cha nani? Kila mhadhiri alicheka, na kila mmoja alitaja jina bila kufikiri. Baadhi ya majina hayo yalikuwa ya wenye masomo ya kurudia. Mwingine nilimpata kwenye steshenari karibu na geti la chuo, kijana anayetoa kopi na kupiga Windows, aliyekuwa ameandika programu yake mwenyewe ya kuhesabu kopi na madeni ya wanafunzi. Ilikuwa mbaya kwa sura, na haikuwahi kupoteza deni la mtu.

Barua za mafunzo ya vitendo ndiyo hazina ambayo kampuni nyingi zinaitupa. Mwanafunzi anakuja wiki kadhaa, anatumwa kutoa kopi na kununua vocha, anapigiwa muhuri, anaondoka. Kwetu wiki ya kwanza anarekebisha kitu kidogo cha kweli, mwenzake anakikagua, kinakwenda kwa mteja. Wiki ya pili anapanda gari kwenda Vwawa au Rungwe kukaa na katibu wa chama na kutazama anavyobofya. Anayerudi na daftari limejaa, huyo nampigia simu kabla hajamaliza chuo.

Mshahara tunauandika kwenye tangazo, na siku ya makubaliano namwekea mtu karatasi mezani. Mfano wa milioni moja: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, laki moja inatoka. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye 900,000 iliyobaki, inakuwa 103,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, 150,000. Anabaki na 647,000. Nimeona vijana wakiacha kazi mwezi wa pili kwa hasira ya makato ambayo hakuna aliyewaeleza, wakidhani bosi amewaibia. Karatasi hiyo hainigharimu kitu na imenijengea imani kuliko ahadi yoyote.

Wazoefu ni habari nyingine, hao chuoni hawapo. Nawavizia Desemba. Mabasi ya kuja huku yanajaa watu wetu wanaofanya kazi Dar na Dodoma, wamekuja kula Krismasi na wazazi. Nawaalika chai ofisini, siwapi fomu, naonyesha tu mfumo na matatizo yake. Mmoja, mtu wa Iringa, alibaki hadi jioni akichora kwenye ubao namna ya kugawa seva zetu. Mama yake alikuwa anaumwa na alikuwa anatafuta njia ya kurudi karibu. Tulikubaliana akae Iringa, aje Mbeya mara moja moja, kwa mshahara ulio chini ya ule wa Dar lakini bila kodi ya nyumba. Amekaa kwetu muda mrefu kuliko yule tuliyemhamisha kwa mamilioni.

Dola za nje bado zinatuchukulia watu, na zitaendelea. Siwafungi. Ninachohakikisha ni kwamba hakuna sehemu ya mfumo inayojulikana na mtu mmoja tu, na kwamba anayeondoka anaondoka kwa amani. Wawili walioondoka ndio wanaoniletea majina ya wadogo zao wa chuo.

Hitilafu ya miamala miwili sasa imevuja. Wanafunzi wanasimuliana hosteli, na mwaka huu mmoja alikuja akidai simu ya mama kabla hata ya kukaa. Kwa hiyo tumeandaa nyingine, ya mwanachama anayeomba mkopo kwa menyu ya namba kwenye simu ya kitochi, mtandao unakatika katikati, anapiga tena, maombi yanakuwa mawili. Mhasibu wetu ameshaanza kujifunza maneno ya mkulima wa Mbozi aliyekasirika. Wenye barua za mafunzo ya vitendo, leteni mapema, nafasi zinajaa.