Siku moja maishani mwangu: fundi wa vitako vya bunduki, Birmingham

Saa 2 asubuhi nafungua karakana. Mtaa huu wa Birmingham, Uingereza, umetengeneza bunduki kwa karne kadhaa. Nyumba ya kukagulia mitutu iliyoanzishwa mwaka 1813 ingali kazini. Watu wakisikia fundi bunduki hufikiria chuma na baruti. Kazi yangu ni mbao na miili ya watu. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo, na kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani, ndicho kinacholiweka mahali pake.

Hadi saa 4 ni msasa na mafuta ya kitani tu.

Saa 4 anaingia mteja, shavu limevimba. Nakagua cheti chake, nafungua bunduki nihakikishe haina kitu, halafu nasikiliza. Anataka kitako kikatwe sentimita 2, maana bunduki "inampiga". Nyumbani ameshakikata kidogo kwa msumeno. Namwomba afumbe macho, aipandishe begani, afumbue. Nafanya hivyo kwa kila mteja, kwa sababu akiwa anaangalia, shingo hujipinda kuifuata bunduki na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Kati ya pua na kifundo cha gumba panatakiwa vidole viwili au vitatu. Yeye hana hata kimoja.

Toka kifyatulio hadi mwisho wa kitako ni sentimita 36. Anahitaji 37.5. Namweleza, anabisha. Namweleza tena. Nusu saa nzima tunavutana, kwake fupi maana yake nyepesi. Mwishowe nampeleka uwanja wa shabaha nje ya mji, mbele ya bamba la chuma lililopakwa chokaa, mita 15 hivi. Anapiga kumi harakaharaka bila kulenga sana. Katikati ya marisau ni sentimita 10 kushoto, 5 juu.

Kanuni ni hii: kwa umbali huo, kila sentimita 2.5 ya kukosea ni milimita 1.6 za kitako. Lakini usiguse mgongo wa kitako, ukingo wa juu shavu linapolala, kabla ya urefu. Mgongo huteremka kuelekea begani, kwa hiyo kitako kifupi husogeza shavu mbele, kwenye mbao iliyo juu zaidi. Hapo ndipo unapopigwa. Naweka kipande cha mbao na mpira mnene nyuma, jumla milimita 15. Anapiga tena: juu imekwisha, kushoto imebaki. Ananyamaza, na mimi sisemi neno.

Chakula cha mchana nakila nimesimama.

Jioni imeshaingia, mikono mizito, na kazi ngumu ndiyo inaanza. Sentimita 10 kushoto ni milimita 6 za kupinda kitako kwenda kulia. Nakifunga kwenye fremu, taa za joto zinaelekezwa shingoni mwa kitako, pale kilipo chembamba, napaka mafuta kila mara mbao isikauke. Kwanza nimesoma nyuzi za mti wa jozi: zikikatiza shingo badala ya kuifuata, nakataa kazi, maana itapasuka. Hizi zinakwenda vizuri. Nakaza skrubu robo mzunguko, nasubiri, robo tena. Ukiharakisha utausikia mlio, na kitako hicho hakirudi. Nafika milimita 8, kwa kuwa mbao hurudi nyuma kidogo ikipoa.

Nazima taa. Fremu inabaki imekazwa hadi asubuhi, nipime tena kabla ya kumpigia simu.