Wakitoa kizazi, watapitia wapi?

Kutoa kizazi nilishakubali tangu Ramadhani, hilo sitaki tena mjadala. Faibroidi, hizi uvimbe za kwenye kizazi, zimenitesa vya kutosha, damu inatoka mpaka nalala juu ya taulo, himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilishuka ikafika 7 daktari akaniuliza hivi mama wewe ngazi za hapa umepandaje, na watoto alhamdulilahi ninao. Kinachoninyima usingizi siku hizi ni swali lililokuja baadaye, eti wapitie wapi.

Maana ukisikia watu wa huku wanaongea, oparesheni ya kizazi ni moja, unapasuliwa tumbo basi. Kumbe kuna ya kupitia chini, ukeni, huna kovu lolote la nje. Kuna ya matundu, wanakutoboa vitundu vidogo tumboni, wanakujaza gesi ili wapate nafasi, wanaingiza kamera na kufanya kazi wakiangalia kwenye skrini. Halafu ndio ile ya mama zetu ya kukata, ama mlalo pale chini nguo ya ndani inapofunika ama wima kutoka karibu na kitovu. (Wima si mgeni Uganda jamani, mmisionari mmoja wa Uingereza anaitwa Felkin aliona kule Bunyoro mwaka 1879 mganga akimpasua mama mjamzito hivyohivyo kumtoa mtoto, mama kanyweshwa pombe ya ndizi na mganga kanawia hiyohiyo, na mama akapona.)

Hiyo ya chini ndiyo Shangazi wa Bombo alifanyiwa, kizazi chake kilikuwa kimeshuka, na kesho yake alikuwa anatembea wodini anasalimia watu. Kwa hiyo simu zake zote ni moja, "Mwanangu usikubali kukatwa, waambie wapite chini." Na shangazi hajakosea, daktari mwenyewe kasema kama kizazi kinafikika hiyo ndiyo ya kufikiria kwanza, majeraha ni madogo na unapona haraka, na si kitu cha kujaribiwa, Mjerumani mmoja Langenbeck aliifanya tangu 1813 kabla hata dawa ya usingizi haijaingia hospitali, sijui huyo mama alivumilia vipi. Shida ni kizazi changu mimi. Kimekua kama mimba ya wiki 18, kimepanda kimekaribia kitovu, hakijashuka hata kidogo, na watoto wangu wawili wa mwisho nilizaa kwa kisu. Daktari akachukua karatasi akanichorea kibofu cha mkojo kinavyoweza kugandana na kovu la zamani, hapo ukipita chini na mzigo mkubwa namna ile huoni vizuri unachokata. Shangazi nimemweleza hayo yote, kanyamaza kidogo akasema sawa lakini waulize tena.

Moyo wangu ulikuwa kwenye matundu, nakiri. Mimi nauza mivumba, nguo za mitumba, soko la Owino, kibanda kikifungwa hakuna anayeniletea hela nyumbani, na watu wa matundu wanatoka hospitali kesho yake au keshokutwa, wiki chache wamerudi kazini, wa kukatwa anaambiwa wiki 6. Lakini nilipouliza habari ya kubeba mabelo daktari akacheka, akasema mama, nje utakuwa na vitundu ila ndani kidonda ni kilekile, pale juu ukeni panaposhonwa panataka muda wake, mzigo mzito hata wa matundu habebi mpaka hizo wiki zipite. Hapo hamu ikapungua nusu. Halafu kizazi kikubwa hakipiti kwenye tundu dogo, lazima kikatwekatwe ndani ndio kitoke, na tangu 2014 Marekani walitoa onyo juu ya mashine za kukatakata maana ikiwa kuna kansa imejificha humo unaitawanya tumbo zima. Siku hizi wengine wanakatia ndani ya mfuko maalum, sawa, lakini hiyo inataka vifaa na mtu aliyezoea, na bei yake wala tusiizungumzie.

Baba watoto yeye katika yote haya aliuliza kitu kimoja tu, usiku, taa imezimwa. "Na sisi je?" Nikajua kimemkaa siku nyingi. Nikampeleka kliniki aulize mwenyewe, akaambiwa njia haiondolewi, mtasubiri kidonda kipone vizuri, na ovari zangu, vile vifuko vya mayai, kama ziko sawa zinabaki kwa hiyo sizeeki ghafla. Shingo ya kizazi tumekubaliana itoke yote, ukiibakiza lazima uendelee kupimwa kansa yake. Alitoka pale ananitafutia boda kwa furaha ambayo sijaiona tangu mwaka jana.

Swali ambalo nadhani kila mwanamke aulize ni nililomuuliza daktari mwishoni, wewe mwenyewe mkono wako umezoea ipi? Hakuzunguka. Akasema za kukata amefanya nyingi mno hazihesabu, za chini anafanya, za matundu bado anasimama na mkubwa wake. Nilimpenda kwa hilo. Mrija wa mkojo kutoka kwenye figo unapita hapohapo pembeni ya kizazi, ukiguswa vibaya ni balaa lingine, bora mtu anayepajua kama chumbani kwake kuliko kamera nzuri kwenye mkono unaojifunza.

Basi ni kukata, mlalo akiweza, akiona hapatoshi ageuze wima, nimeshamwambia kovu si la kuuza. Dada yangu wa Arua atakuja kushika kibanda, nimemkataza kukopesha mtu. Vidonge vya madini chuma naendelea, Jumatatu napima damu tena na ikifika 10 wananipa tarehe.