Chungwa zima, si juisi

Tangu nigundulike na kisukari aina ya pili, kila anayenipenda amegeuka mlinzi wa sahani yangu. Nikigusa ndizi tu: "We, hiyo ina sukari!" Ni kweli inayo. Ila sikubali kwamba mtu mwenye kisukari aage matunda, na hili nalisema kwa moyo wangu wote kwa sababu naona wenzangu wengi wakijinyima kwa hofu.

Leo nimekula chungwa baada ya chakula. Nimelimenya, nikalibandua pande moja moja, na ule utando mweupe sikuuondoa, nimeula pamoja nalo. Humo mna nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Sasa kamua machungwa manne: nyuzinyuzi karibu zote zinabaki kwenye chujio, na sukari ya yote manne inashuka kooni kwa mafunda machache. Mwili ambao insulini yake haifanyi kazi sawasawa unaupokeaje mzigo huo kwa mara moja? Juisi kwangu ni ya dharura, sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L). Hapo nusu glasi ni msaada mkubwa, maana inafika upesi.

Kinachobaki ni kiasi. Tufaha moja dogo lina wanga, sukari yake ikiwemo, wa gramu 15 hivi. Kwa ndizi kubwa, nusu yake inatosha kufika hapo, na ikiiva mpaka ganda likawa na madoa meusi, sehemu kubwa ya wanga wake imeshageuka sukari. Zabibu kavu ndizo ninazozihofia hasa: vijiko viwili vya chakula tu, gramu 15 zimetimia, na mkono bado umo bakulini.

Saa mbili baada ya kuanza kula nilijitoboa kidole. Mashine ikasoma 7.8, nami nimeridhika kabisa. Wewe tunda hilohilo linaweza kukupandisha zaidi, kwa hiyo pima na uandike. Namba zangu usizichukue kama zako.

Balungi peke yake ndilo siligusi. Natumia simvastatini kwa ajili ya kolesteroli, na balungi huifanya dawa hiyo izidi kwenye damu. Wengi wetu tunameza dawa za kolesteroli pamoja na za sukari, na si zote zinazogombana na balungi. Tafadhali, kabla hujalila, mwulize mfamasia kuhusu dawa yako.