Redio ya mjomba

Mnaikumbuka ile posti ya mwezi wa tano, kaka alipompa mwanangu Luka redio yake? Leo nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma nataka kuifuta, halafu nasema hapana, ikae. Nilifurahi mno siku ile jamani. Ile ndo redio aliyorudi nayo Congo alipoenda na brigedi ya kulinda amani 2013, antena imefungwa plasta nyeupe ya hospitali, na miaka yote hii haigusi mtu, hata wifi akitaka kubadili stesheni alikuwa anamuita mwenyewe aje abadili.

Mazungumzo yalikuwa hivi, nayaandika yote maana yananirudia nikifua, nikiwa dukani napima mbegu, na usiku ndo usiseme.

Kaka: "Mama Luka, hii chukueni, mi sina kazi nayo tena."

Mimi: "Sa we utakuwa unasikiliza nini?"

Kaka: "Nimeshasikia ya kutosha."

Nikacheka! Nikasema "haya, ndaga kaka", nikamuita Luka aje apokee kwa mikono miwili.

Basi, ni hayo tu. Wiki hii mama katolewa mtoto wa jicho salama, posa ya Neema imeletwa Jumapili, mzigo wa Nane Nane umeingia nusu, na yote hayo yamepita mi niko palepale kwenye "nimeshasikia ya kutosha".

Aliyenifumbua macho ni Atu, yule binti wa baba mdogo aliyeolewa Marekani. Shemeji alikuwa jeshi la kule, alienda Iraq, na wizara yao ya wanajeshi wastaafu ina mafunzo ya bure mtandaoni ya ndugu na marafiki, namna ya kumzuia mtu wako asijiue. Yanaitwa S.A.V.E., hayafiki hata nusu saa. Atu kayafanya kwa ajili ya mumewe, akanipigia akasema dada kaa chini mi natafsiri, we mfikirie kaka. Nikakaa nyuma ya kaunta, bando likakata katikati nikaongeza.

Wanaanza na ishara. Mtu halali, anakunywa kuliko zamani, anajitenga, anasema yeye ni mzigo, anagawa vitu vyake anavyovipenda. Hiyo ya mwisho Atu alipoitafsiri alinyamaza kidogo, maana na yeye aliisoma posti yangu na akaweka moyo.

Nyumbani tulishazoea. Tangu wanajeshi wenzake wauawe pale Semuliki, hukohuko Congo, Desemba 2017, yeye alikuwa kesharudi, kila Desemba anajifungia na sisi tunasema "kaka na Desemba yake", tunamwekea sahani mlangoni. Ila safari hii haikuwa Desemba. Ilikuwa mwezi wa tano, wifi kaenda Dodoma kulea mjukuu, kaka yuko peke yake Igawilo, na mi nashangilia redio.

Halafu wakasema muulize. Umuulize wazi kabisa kama anawaza kujiua, kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Usiulize kama unayeomba jibu la hapana, na usingoje mpaka mtu keshafika mlangoni anaondoka. Hapo nilimsimamisha Atu akarudia, maana sisi ndo tunavyouliza hivyohivyo! Mambo yote mazito huku tunayasemea njiani tukimsindikiza mgeni, daladala inaonekana inakuja ndo mtu anasema "lakini huwazi mabaya, eeh?" na mwenzio anasema "hamna" anapanda. Mimi mwenyewe nimemuuliza kaka hivyo sijui mara ngapi.

Kule wanakazania sana bunduki, ifungiwe, risasi zikae mbali, ili katikati ya wazo na tendo muda upite. Nikajisemea afadhali, kaka silaha aliiacha kazini alipostaafu. Nikainua macho nikaona shelfu yangu. Mi nauza dawa za shamba jamani. Na kaka dawa za mahindi anachukua kwangu, namtolea kwa bei ya jumla.

Kule pia wana namba, unapiga 988 halafu unabonyeza 1, unaongea na mtu usiku na mchana. Huku hiyo haipo, na ukitaja hospitali mtu anasikia Mirembe, kwa wagonjwa wa akili, moja kwa moja, na bado Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kinahesabu kujaribu kujiua ni kosa. Mtu ataanzaje kukwambia? Ndo maana naona ni sisi tulio karibu inabidi tuanze, tena tukiwa tumekaa.

Jumamosi nikafunga duka saa nane, nikaenda. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi, nikavuta kigoda nikaanza na mimi kupukuchua. Baridi ile ya mwezi wa saba, vidole vimekufa ganzi. Nilijaza bakuli zima bila kusema kitu. Halafu nikasema.

"Kaka, unawaza kujiua?"

Kidole gumba chake kiliendelea mpaka gunzi likaisha. Akaliweka chini, akachukua jingine, hakulipukuchua.

"Jeshini silaha zilikuwa zinahesabiwa kila jioni," akasema. "Risasi moja ikipungua hamlali. Watu tulikuwa hatuulizwi."

Nikanyamaza. Nilitaka kusema usiseme hivyo kaka, una watoto, Mungu yupo, yote yalikuwa mdomoni, ila Atu alinisisitizia kwamba hapo umwache maumivu yake yawe ya kweli, usibishane nayo.

"Ndiyo," akasema. "Siyo leo. Lakini ndiyo."

Nikasema pole kaka, nashukuru umeniambia. Sauti haikutoka vizuri. Nikamuuliza na vile vichupa vya stoo vipo wapi, akaniangalia, akainuka mwenyewe akaleta ufunguo. Nimevibeba vyote, ufunguo ninao hapa kwenye pochi.

Sijui niwaambieje, ila baada ya hapo ni kama uani palipanuka. Tuliongea mpaka giza, akala viazi na maharage sahani mbili, akasimulia mpaka mambo ya mpishi wao kule Congo sijawahi kuyasikia. Jumatatu tumeenda hospitali ya rufaa pale mjini, mimi na yeye na yule rafiki yake mstaafu wa Uyole, kaka kapiga pasi shati kama anaenda gwaride. Nesi akamuuliza swali lilelile, kwa sauti ya kawaida tu kama anamuuliza jina, na kaka akajibu. Kapewa tarehe ya kurudi, Alhamisi ijayo, nitafunga duka tena, na mpaka siku hiyo Luka analala kwake.

Tukiwa kwenye foleni aligeuka akaniuliza, "Redio inashika?" Nikasema inashika, usiku inakwaruza. Akasema, "Mwambie antena aielekeze mlima Loleza." Nikamwambia utamwambia mwenyewe, leo anakuja nayo.

Sasa ni saa tatu usiku naandika hapa, Luka katuma meseji wamekula, wanasikiliza mpira. Ila mama! Kaambiwa asiiname wala asibebe kitu kizito, na leo jioni nimemkuta bustanini kainama anachuma chainizi, na jicho lenyewe naliona jekundu kwa pembeni, yeye anasema ni moshi tu. Kesho asubuhi sijui nimpeleke kabla ya kufungua duka au ningoje.