Skafu ya hariri iliyokuwa ikiteleza kichwani

Skafu yangu ya hariri ina nakshi za kanga: pindo, mji (sehemu ya katikati), hata jina (yale maandishi ya msemo) chini ya mji. Naipenda mno, lakini kila nikijifunga kilemba, muda si mrefu imeshateleza hadi kisogoni. Nikikaza fundo, inabaki na mikunjo mibaya.

Dawa ilikuwa utepe wa pamba. Naufunga kwanza kichwani, skafu inakaa juu yake. Pamba inaishika hariri, haitelezi tena. Pia niliacha kuikunja pembetatu, maana jina lilikaa mshazari. Sasa naikunja sambamba na pindo, kuanzia juu, tabaka baada ya tabaka, mpaka jina lisomeke vizuri kwenye paji la uso. Shingoni haihitaji utepe. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa nyuma.